Kisu cha kukunja kinapogoma kufunguka kwa mkono mmoja

Anayetaka kisu kinachofunguka kwa mkono mmoja kwa kawaida mkono wake wa pili una kazi. Umeshika kamba ya nyavu, umeshika ngazi, au umekamata mdomo wa gunia. Kisu kikigoma hapo, wengi hufanya moja kati ya mambo mawili: huongeza nguvu, au hutafuta bisibisi na kulegeza skrubu. La kwanza hukata vidole. La pili huficha tatizo kwa siku chache, kisha hukuachia kisu kinachoyumba.

Ubapa ukitoka ndani ya mpini hadi kufunguka kabisa hupita nusu duara, yaani digrii 180 hivi. Mahali unapokwamia katika nusu duara hiyo ndipo panapoonyesha chanzo. Ukigoma mwanzoni kabisa, angalia vidole vyako na loki, yaani kifungo kinachozuia ubapa uliofunguka usijifunge. Ukiwa mzito njia nzima, angalia egemeo, yaani skrubu kubwa ambayo ubapa unaizunguka. Ukianza vizuri kisha ukaishia katikati, ama msukumo haukutosha, ama kuna kitu kinausugua. Ukifika mwisho na loki isishike, acha kukitumia mpaka ujue sababu.

Pima kabla ya kugusa skrubu

Funika makali kwa utepe wa karatasi, ule wa mafundi rangi, tabaka moja tu. Ukizidisha utasugua ndani ya mpini na utaanza kutafuta tatizo ambalo halipo. Vaa viatu, kaa mbali na watoto, na kisu kikiponyoka kiache kianguke, usijaribu kukidaka.

Fungua kwanza polepole kwa mikono miwili na usikilize. Mkwaruzo wa mchanga unasikika wazi, na unausikia hata kwenye vidole. Kisha shika mpini kwenye kingo zake mbili nyembamba tu, vidole visiguse ubavu wowote, ufungue tena kwa namna uliyozoea. Kama sasa ubapa unatoka bila shida, kisu chako ni kizima na kilichokosewa ni mshiko. Jaribio hili la nusu dakika huokoa visu vingi visifunguliwe skrubu bure.

Jua pia loki yako ni ya aina gani. Chungulia ndani ya mpini kisu kikiwa wazi. Ukiona bamba jembamba la chuma limejisogeza nyuma ya ubapa, hiyo ni loki ya bamba, iliyopewa umbo lake la sasa na Michael Walker wa Marekani mwanzoni mwa miaka ya 1980. Kama bamba hilo ndilo ubavu wenyewe wa mpini, bila kifuniko juu yake, ni loki ya fremu, iliyopata umaarufu kwa kisu cha Sebenza cha Chris Reeve. Ukibonyeza mgongoni mwa mpini ili kufunga, ni loki ya mgongo, kama ya Buck 110 ya miaka ya 1960. Ukiona kinondo kinachopita toka ubavu huu hadi ule na kuvutwa nyuma kwa vidole viwili, ni loki ya nondo. Benchmade waliitoa mwaka 1998 na leo watengenezaji wengi, Ganzo wakiwemo, wanatumia mtindo huo. Kisu kisichobonyezwa, kuvutwa wala kuzungushwa popote wakati wa kufunga kwa kawaida hakina loki, kina springi ya mgongoni tu.

Ubapa hautoki kabisa, hata ukisukuma kwa nguvu

Hili ndilo lalamiko la kwanza la wenye visu vya flipa, yaani visu ambavyo kipande kidogo cha ubapa huchomoza mgongoni mwa mpini ili kidole cha shahada kikivute. Karibu kila mara chanzo ni vidole vyenyewe.

Ili ubapa usijitokee mfukoni, bamba la loki hubeba kigololi cha chuma au cha seramiki, ambacho kwa kawaida hakifiki hata milimita 2. Kisu kikifungwa, kigololi hicho hutumbukia kwenye kishimo kilichochimbwa ubavuni mwa ubapa. Kufungua ni kukilazimisha kigololi kitoke kishimoni. Sasa tazama loki ya fremu: bamba liko nje, na mtu wa mkono wa kulia akikishika kisu chake, ncha za kidole cha kati na cha pete zinatua palepale juu yake. Kadiri anavyokaza mkono ili asukume kwa nguvu zaidi, ndivyo anavyokikandamiza kigololi ndani ya kishimo. Anafungua kwa kidole kimoja na kufunga kwa viwili.

Dawa yake ni kuhamisha vidole. Viweke juu ya klipu ya mfukoni kama iko upande huo, au virudishe nyuma vishike ukingo wa mpini, na uache pengo juu ya bamba. Mtu wa mashoto akitumia kisu cha mkono wa kulia, kinachokandamiza ni kidole gumba; akisogeze mbele hadi juu ya egemeo. Kwenye loki ya bamba lililofunikwa tatizo hili ni dogo, kwa sababu ubao au plastiki ya mpini hupokea mkandamizo.

Baada ya vidole, angalia upande unaosukumia flipa. Ncha ya kidole cha shahada ikae juu ya flipa, na nguvu ielekee nyuma, kwenye kitako cha mpini. Ukiisukuma kuelekea katikati ya mpini, unaubana ubapa kwenye egemeo lake tu. Namna nzuri ni kuongeza shinikizo taratibu bila kusogeza kidole, mpaka kigololi kiachie chenyewe. Nguvu uliyoikusanya hutoka yote kwa pamoja, na ubapa unafika mwisho bila mkono kutikisika. Anayeisukuma flipa polepole kwa woga hukipitisha kigololi bila kasi yoyote, na ubapa huishia nusu.

Kama vidole viko mahali pake na kisu bado hakitoki, kuna mawili. Huenda kimefungwa kwa usalama wa pili, kitufe kidogo cha kuteleza ambacho baadhi ya visu vyenye springi ya msaada huwa nacho. Au kutu imekigandisha kigololi ndani ya kishimo. Kutu utaijua kwa maji ya rangi ya hudhurungi yanayotoka ukidondoshea mafuta mepesi pembeni mwa egemeo. Dondosha matone mawili, subiri saa moja, kisha fungua kwa mikono miwili ukiwa umeushika ubapa mgongoni.

Gumba linateleza, linauma, au halifiki mwisho

Kwenye visu vya kipini cha gumba, yaani kijiti kifupi kinachochomoza ubavuni mwa ubapa ili gumba likisukume, kosa ni la mwelekeo. Wengi hukibonyeza kipini kuelekea ubavuni mwa ubapa, kwa hiyo ubapa unaegemea bamba la upande wa pili na kusuguana nalo. Kidole kinauma, ubapa hausogei, na unapoachia ghafla gumba tayari limevuka njia ya makali.

Weka nyama ya gumba kwenye kona iliyo kati ya kipini na mpini. Sukuma kwanza nje, kama unayekitenga kipini na mpini, kisha fuata tao kuelekea mbele. Gumba libaki upande wake tangu mwanzo hadi mwisho. Kipini kipya chenye meno makali huweza kulainishwa kwa msasa wa namba 400, mzunguko mmoja au miwili tu. Kikiwa laini kabisa kitateleza kwenye mkono wenye jasho au mafuta ya samaki.

Gumba fupi hukwamia robo ya mwisho ya safari. Sogeza mshiko mbele, kidole cha shahada kikae karibu na egemeo, ndipo uanze. Kama bado halifiki, maliza kwa kuliweka gumba kwenye ubavu wa ubapa, karibu na mgongo, na kuusukuma. Watu wenye mikono midogo wanafanya vizuri zaidi na visu vya tundu, mtindo ambao Spyderco waliuanza mwaka 1981. Nyama ya gumba hujaa ndani ya tundu na haitelezi kirahisi, na hata mwenye glavu anafungua. Tundu linakuruhusu pia kufungua kwa kidole cha kati kutoka upande wa pili: ncha yake huingia tunduni na kuuchapa ubapa nje kwa pigo fupi. Ni njia ya haraka mno, lakini angalia kidole hicho kisiwe kinakandamiza bamba la loki wakati huohuo.

Loki ya mgongo inahitaji maelezo yake. Springi yake inalikandamiza shina la ubapa, yaani sehemu iliyo kwenye egemeo, njia nzima, na digrii chache za mwanzo inauvuta ubapa urudi ndani. Kwa hiyo gumba lisiachie njiani; lisindikize mpaka usikie mlio wa loki kutumbukia. Buck 110 ya asili haina kipini wala tundu, ina mfuo wa kucha tu, kwa sababu ilibuniwa ifunguliwe kwa mikono miwili. Kuirusha kwa kifundo cha mkono, ubapa ufunguke kwa uzito wake, ni mchezo unaoligongesha shina kwenye loki kila mara, na loki hulegea.

Unatoka robo au nusu, kisha unasimama

Kwanza ondoa uwezekano wa msukumo dhaifu, kama ilivyoelezwa juu. Ukibaki palepale, tafuta msuguano. Kisu kikiwa wazi nusu, geuza mpini ubapa utazame chini. Ukining'inia bila kushuka, egemeo limekaza au ni chafu. Ukishuka lakini kwa kukwamakwama, kuna mchanga au washa, pete nyembamba iliyo kati ya ubapa na mpini, imepinda.

Kukaza kupita kiasi kunatibika bila kufungua kitu. Tumia bisibisi ya nyota inayoingia barabara. Egemeo mara nyingi ni T8, visu vikubwa T10, skrubu za mpini na klipu ni T6. Seti ndogo za mafundi simu huwa na T6 na T8. Legeza egemeo kwa moja ya nane ya mzunguko, basi, kisha jaribu. Lengo ni ubapa kusogea huru huku ncha ikikataa kuyumba kushoto na kulia ukiitikisa kwa vidole. Kati ya kukaza na kulegea kuna nafasi finyu sana, wakati mwingine digrii 10 tu za bisibisi, na uvumilivu unahitajika hapo kuliko nguvu. Ukiipata nafasi hiyo na skrubu ikawa inajilegeza kila wiki, itoe, safisha nyuzi zake kwa spiriti, weka tone dogo la gundi ya nyuzi za skrubu ya bluu, rudisha, na iache usiku kucha. Usitumie ile nyekundu. Na gundi ikigusa washa, ubapa utaganda, kwa hiyo tone liwe kwenye ncha ya skrubu tu.

Skrubu ikigoma kutoka, usiizungushe mpaka nyota iharibike. Gusisha ncha ya pasi ya kulehemu waya kwenye kichwa chake kwa dakika moja. Gundi ya kiwandani hulainika kwa joto. Kama mpini ni wa plastiki, punguza muda. Egemeo likizunguka lote upande huu na ule, shika upande wa pili kwa bisibisi nyingine.

Mchanga, chumvi na mafuta yasiyofaa

Anayeishi pwani au kufanya kazi shambani atalisoma sehemu hii mara nyingi kuliko nyingine. Vumbi laini la cementi, unga, magamba ya samaki na nyuzi za mfukoni vyote huishia kwenye egemeo na kwenye kishimo cha kigololi.

Usafi wa kawaida hauhitaji kufungua skrubu. Tia kisu kwenye maji ya vuguvugu yenye matone machache ya sabuni ya vyombo, fungua na kufunga ndani ya maji mara kumi hivi, suuza kwa maji baridi, pangusa, pulizia ndani ya mpini, kisha kiache wazi juani kwa robo saa. Malizia kwa tone moja la mafuta kila upande wa egemeo. Kisu kilichoingia maji ya bahari kioshwe kwa maji matamu siku hiyohiyo, kwa maana chumvi haisubiri.

Mafuta yawe mepesi na machache. Mafuta ya cherehani yanafaa na yako kila duka la vifaa. Mafuta ya alizeti na mengineyo ya kupikia hugeuka ulimbo baada ya wiki chache na kuubana ubapa kuliko uchafu uliokuwepo. Mafuta ya nazi huganda joto likishuka chini ya digrii 24 hivi, kwa hiyo mtu wa Njombe au Limuru atakuta asubuhi kisu kizito na hatajua kwa nini. WD-40 inasukuma maji na kulegeza kutu vizuri, lakini haikai. Ukishaitumia pangusa, kisha weka mafuta halisi. Kwa kisu kinachokata chakula, tumia mafuta safi ya madini yasiyo na harufu yanayouzwa duka la dawa.

Chuma chenyewe kina neno. Visu vingi vya bei ya kati huja na D2, ambayo ina kromu asilimia 12 hivi. Inakaa na makali muda mrefu, lakini kwa hewa ya Mombasa au Tanga itashika madoa ya kutu usipoipangusa, na kutu ikianzia kwenye egemeo utaiona kama uzito kabla ya kuiona kama rangi. 440C ina kromu asilimia 17 hivi na inavumilia zaidi. Mvuvi wa kila siku atafute H1 au LC200N, vyuma vinavyotumia naitrojeni na ambavyo chumvi haiviwezi kirahisi. Makali yake yatahitaji kunolewa mara nyingi kidogo, na huo ni mkataba mzuri.

Egemeo lina ama washa za shaba au nailoni, ama beringi za gololi ndogondogo. Beringi hufanya ubapa uruke kwa kuguswa tu, na ndiyo sababu zinapendwa. Lakini chembe moja ya mchanga kati ya gololi inatosha kuukwamisha ubapa wote. Kwa fundi mwashi, mkulima au mtu wa boti, washa za shaba ni chaguo bora hata kama dukani kisu cha beringi kinafurahisha zaidi.

Kama kuosha hakukusaidia, fungua kisu chote. Soma masharti ya dhamana kwanza, kwa sababu watengenezaji wengine huifuta ukifungua. Tandika kitambaa cheupe, piga picha kila hatua, na panga vipande kwa mpangilio vilivyotoka. Angalia kila washa kwa kuilaza juu ya kioo: ikibembea, imepinda. Washa ya shaba yenye mikwaruzo isuguliwe kwa msasa wa namba 2000 wenye maji, juu ya kioo hichohicho, kwa mwendo wa duara, mpaka ing'ae sawasawa pande zote. Usilenge kuipunguza unene. Futa kishimo cha kigololi kwa ncha ya njiti ya kiberiti iliyolowa spiriti. Hapo hukutwa donge jeusi la mafuta na vumbi ambalo peke yake lingeweza kuwa ndilo tatizo zima. Unaporudisha, kaza egemeo kwanza kiasi, kisha skrubu za mpini, kisha rudi kwenye egemeo ulipime upya. Kufuata mpangilio wa kinyume mara nyingi huupeleka ubapa upande mmoja, ukasugua bamba.

Springi ya msaada na loki ya nondo

Kwenye visu vya msaada, kama vile vya Kershaw vyenye mfumo wa SpeedSafe uliobuniwa na Ken Onion, unaanza kusukuma na springi inamalizia. Ubapa ukianza kuwa mlegevu ghafla, tena bila uchafu, springi imekatika au imetoka kwenye kitundu chake. Kisu kitaendelea kufunguka kwa mkono, ila kwenye kufunga hakitajishikilia ndani kama zamani, kwa sababu springi hiyohiyo ndiyo iliyokuwa ikikivuta kikae. Usikiweke mfukoni mpaka uibadilishe. Ukikifungua vaa miwani. Springi hiyo huruka.

Loki ya nondo inafunguliwa kwa njia mbili: kwa kipini kama kawaida, au kwa kukivuta kinondo nyuma ili ubapa uwe huru, kisha kuupeleka mbele kwa mzunguko mdogo wa kifundo cha mkono. Ukisikia mkwaruzo, hukukivuta kinondo hadi mwisho. Ukikivuta na kikarudi kwa uvivu, au upande mmoja unatangulia mwingine, moja ya springi zake mbili zilizo kama umbo la kiatu cha farasi imekatika. Kisu bado kinaonekana kizima, na hapo ndipo kinapohadaa, kwa sababu loki sasa inategemea springi moja.

Mpini wa mbao umevimba

Opinel, kisu cha Savoie nchini Ufaransa kinachotengenezwa tangu 1890, kina mpini wa mbao unaoubana ubapa moja kwa moja. Masika, mbao hunywa unyevu, hufura, na ubapa hauvutiki hata kwa kucha. Hakikisha pete ya usalama, iliyoongezwa mwaka 1955, imezungushwa hadi mwanya wake ulingane na ubapa. Kisha gonga kitako cha mpini kwenye ukingo wa meza, pigo fupi la wima, na mgongo wa ubapa utachomoza kiasi cha kushikika. Wenyeji wa Savoie hufanya hivyo tangu zamani. Tiba ya kudumu ni kukiacha kikauke kivulini siku kadhaa kikiwa wazi, kusugua kidogo kwa msasa mashavu ya mwanya karibu na egemeo, na kunywesha mbao mafuta ya kitani au nta. Jua kali litaipasua.

Visu vya Victorinox vya kawaida, visivyo na loki, navyo havikukusudiwa mkono mmoja. Springi ya mgongoni ni ngumu kwa makusudi, na ndiyo pekee inayozuia ubapa usikufungie vidole. Usiilegeze. Ukipenda kampuni hiyo na unahitaji mkono mmoja, tafuta zile za milimita 111 zenye tundu kwenye ubapa na loki ya bamba.

Kinajifungua chenyewe mfukoni

Tatizo hili ni kinyume cha yote yaliyopita, na ni la hatari kuliko yote. Mara nyingi humpata aliyelegeza egemeo akitafuta kasi. Kigololi hakifiki tena chini ya kishimo, au kishimo kimejaa uchafu, au bamba la loki limepoteza mkunjo wake. Jaribu kwa kukishika kisu kilichofungwa, makali yakiwa bado na utepe, na kukitikisa ubapa ukielekea chini. Ukichungulia nje, safisha kishimo na urudishe egemeo mahali pake. Kuna wanaolikunja bamba la loki ndani ili likandamize zaidi; inawezekana kwa fundi mwenye mkono mwepesi, lakini kosa la nywele moja hubadilisha pia jinsi loki inavyoshika, na hatushauri ulijaribu nyumbani.

Namna ya kubeba nayo inasaidia. Klipu ikishikilia kisu na ncha ikielekea juu, panga mgongo wa ubapa uegemee mshono wa nyuma wa mfuko. Hapo mfuko wenyewe unauzuia ubapa kufunguka.

Loki haishiki, au inanata

Fungua kisu, shika mpini ukiwa umeondoa vidole vyote kwenye njia ya makali, na ukandamize mgongo wa ubapa kwenye mbao kwa nguvu ya mkono, bila kugonga. Loki isisogee. Ikisogea, tafuta kwanza uchafu kwenye uso unaokutana na shina la ubapa, kisha angalia bamba limefika wapi. Kwenye kisu kizima kwa kawaida hufunika kati ya theluthi na nusu ya unene wa shina. Likiwa limegusa bamba la upande wa pili, limeisha, na kisu hicho hakifai kazi. Ubapa unaoyumba juu na chini, tofauti na kushoto na kulia, nao hautibiwi kwa kukaza egemeo. Kilicholika ni loki au pini ya kusimamishia.

Loki inayonata wakati wa kufunga ni jambo jepesi. Titani na chuma hupenda kushikana. Paka uso wa bamba kwa penseli laini, fungua na kufunga mara ishirini, na itaachia.

Kufunga kwa mkono mmoja ndiko kunakokata watu zaidi. Gumba likilisukuma bamba la loki, linakuwa limekaa hasa kwenye njia ya ubapa. Shusha ubapa kidogo tu, uguse kidole cha shahada kwa flipa au kwa sehemu butu iliyo chini ya makali, ndipo uondoe gumba na umalizie. Kisu kisicho na flipa wala sehemu hiyo butu kifungwe kwa mikono miwili.

Kabla ya kukitia mfukoni

Wepesi wa kufunguka una uzito kisheria. Uingereza inaruhusu kubeba bila sababu maalumu kisu cha kukunja kisicho na loki chenye makali yasiyozidi inchi 3, yaani sentimita 7.62, chenye loki kinahitaji sababu halali. Ujerumani, tangu 2008, kisu cha loki kinachofunguka kwa mkono mmoja hakibebwi hadharani bila sababu inayokubalika, kama vile kazi. Marekani sheria hutofautiana toka jimbo hadi jimbo. Kenya na Tanzania, kisu kilicho kwenye mkoba wa zana njiani kwenda kazini hutazamwa tofauti na kilicho mfukoni kwenye mkutano au uwanja wa mpira, na anayefungua kwa mbwembwe mbele za watu anajitafutia polisi. Kwenye ndege kiende na mizigo ya chini, si mkononi.